Nondo Zilizozama Kwenye Roshani ya Dada

Saa mbili kasorobo asubuhi, Koleo amepiga magoti juu ya slabu ya ghorofa ya tatu, na hakuna anayeruhusiwa kuanza kazi mpaka yeye atakaposimama.

Chini, barabarani, gari la zege limeshafika. Tumbo lake linazunguka polepole na dereva amepiga honi mara mbili. Wasukuma toroli wamekaa ukingoni wakiwa na buti zao miguuni, wanatafuna mkate na kumtazama fundi nondo kama watu wanaosubiri imamu amalize dua ndefu.

Mkononi ana kijiti cha mbao chenye alama mbili zilizochongwa kwa kisu. Anakisimamisha kati ya nondo za juu na mbao za chini, anaangalia alama, anasogea hatua moja, anakisimamisha tena. Akikuta nondo inayonesa, anaita, "Kiti!" na mwenzake anamrushia kipande cha nondo nyembamba kilichokunjwa miguu minne. Hicho ndicho kiti. Kazi yake ni moja tu: kuziinua nondo za juu zikae juu, zisizame zege linapomwagwa.

"Koleo, zege litagandia kwenye gari!" msimamizi wa ujenzi anapaza sauti.

"Likigandia kwenye gari litagongwa nyundo litoke," anajibu bila kugeuka. "Likigandia hapa likiwa limekaa vibaya, bosi, utapanda na nyundo wewe?"

Wasukuma toroli wanacheka. Koleo hacheki. Anaendelea hadi kona ya mwisho, anasimama huku goti moja likilia, kisha anatandika mbao za kupitia na kutoa amri ambayo kila mtu kwenye jengo hili anaijua kwa moyo: atakayekanyaga nondo badala ya ubao, atoke kazini mwenyewe kabla hajatolewa.

Ana miaka arobaini na minne. Kati ya hiyo, ishirini na miwili ameimaliza akiwa ameinama. Siku ya kazi nzuri hufunga mafundo ya waya kama elfu mbili, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena. Hulipwa kwa siku, na mvua ikinyesha hakuna siku. Msimu wa mvua uliopita, katika wiki saba alifanya kazi siku kumi na tisa. Mke wake anauza mboga asubuhi na kufua nguo za watu mchana, ndiyo maana nyumba yao ya vyumba viwili haijawahi kulala na njaa.

Jina la Koleo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu chombo hicho hakimtoki mkononi hata akiwa anakula. Shule aliiacha darasa la saba. Kusoma ramani za ujenzi alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu.

Kila anayemfahamu atakwambia mwaka huu bwana huyu amekuwa mkali kwenye suala la viti kupita kiasi. Wengine humtania kwamba siku akifa atazikwa juu ya viti ili asizame. Yeye huitikia utani huo kwa kichwa tu. Leo hauitikii kabisa, na chai aliyopewa saa moja bado iko palepale, imefanya utando.

Leo, Alhamisi, saa tisa alasiri, kazi hapa ikiisha, anakwenda kwenye nyumba nyingine. Huko kuna roshani ambayo nondo zake alizisuka mwenyewe miaka kumi na mitatu iliyopita. Juu ya roshani hiyo hushinda dada yake.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu yenye roshani sita, vile vibaraza vya juu vinavyochomoza nje ya ukuta bila nguzo chini yake. Koleo wakati huo alikuwa na mwili mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na siku ya kumwaga zege msimamizi wake alikuwa amekwenda msibani, akamwachia kazi.

Viti havikutosha. Alikuwa amekunja idadi ya kutosha roshani tano, ya sita akaihesabu vibaya. Nondo nyembamba ya kukunjia vingine ilikuwa imekwisha, duka lilikuwa mbali, na gari la zege lilikuwa mlangoni likipiga honi, kama hili la leo. Kwenye roshani ya mwisho, ile ya ghorofa ya pili upande wa jua, aliweka viti sehemu, na sehemu nyingine akaziacha nondo zijishikilie zenyewe kwa waya.

"Zilikuwa zimekaa juu, sawasawa na mchoro," anasema. "Kwa macho ulikuwa huoni tofauti. Wakaja watu wa zege. Mtu na buti lake na ndoo yake anakanyaga pale. Nikaziona zinashuka. Niliziona kwa macho yangu haya."

Anaonyesha kwa kiganja jinsi zilivyoshuka.

"Nikajiambia, zege litazifunika. Nani ataona?"

Hakuna aliyeona. Kesho yake zege lilikuwa limekauka, likasuguliwa, likawekewa sakafu laini na ukingo wa tofali. Mbao zilipofunguliwa baada ya wiki nne, roshani ilibaki pale ilipo kama wenzake watano. Koleo alilipwa, akaenda kwenye kazi nyingine, akasahau.

Miaka minne baadaye dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alifiwa na mumewe akawa anatafuta pa kupanga. Koleo alimpeleka kwenye nyumba hiyo akiwa amevimba kichwa. Akampigia ukuta kofi akamwambia, "Dada, hii nimeisuka kwa mkono wangu. Hapa unalala usingizi wa mtoto."

Kulikuwa na vyumba viwili wazi. Dada akamuuliza achukue kipi. Koleo akamwambia achukue cha ghorofa ya pili upande wa jua, kwa sababu roshani yake ina mwanga mzuri wa kushonea.

Dada ni fundi cherehani. Kwa miaka tisa sasa anashona kwenye roshani hiyo, kuanzia asubuhi hadi jua linapogeuka. Wajukuu zake wawili wamejifunzia kutembea hapo, wakishikilia ukingo.

Mwaka huu mwanzoni, kwenye jengo hili jipya, aliletwa mhandisi mpya. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, anayeongea taratibu na kuvaa viatu vya kazi vilivyochakaa kuliko vya mafundi. Siku ya kwanza tu alimuuliza Koleo kwa nini nondo za roshani zinakaa juu wakati za sakafu ya chumba zinakaa chini.

"Ndivyo zinavyochorwa," Koleo akajibu.

"Najua zinavyochorwa. Nimechora mimi. Nakuuliza kwa nini."

Mhandisi akaomba sifongo ya kuoshea vyombo kutoka kwa mama anayewapikia mafundi. Akachora mistari kwa kalamu upande wa juu na upande wa chini, akaibana ncha moja kwa kiganja juu ya meza, akaikandamiza kwa kidole ncha nyingine iliyochomoza nje ya meza. Upande wa juu mistari ikaachana. Upande wa chini ikasogeleana.

"Zege likikandamizwa lina nguvu za punda," akasema. "Likivutwa ni kama biskuti. Sasa hapa linavutwa wapi?"

"Juu."

"Basi nondo ndiyo inayoshika pale linapovutwa. Ukiishusha chini, umeiweka mahali pasipo na kazi. Kwa macho roshani ni ileile. Kwa mahesabu ni nyingine kabisa."

Mafundi wengine walifurahia somo, wakarudi kazini. Koleo alibaki ameshika ile sifongo. Miaka ishirini na kitu alikuwa akiamini nondo ni nondo, ilimradi ipo ndani.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ambayo yeye mwenyewe haipendi kuisimulia. Alinyamaza miezi minane.

"Siwezi kusema nilikuwa sijui. Nilikuwa najua," anasema. "Niliogopa jina langu. Fundi hana cheti, fundi ana jina. Ikisikika uliharibu nyumba, nani atakuita tena?"

Akatafuta njia za panya. Kila Jumapili alikwenda kumtembelea dada yake na kila Jumapili alikuwa na sababu mpya ya kumwita ndani. Mara upepo, mara vumbi, mara kichwa kinamuuma hataki mwanga. Siku moja akabeba cherehani kutoka roshani hadi sebuleni akisema huko nje itapata kutu. Dada akairudisha jioni hiyohiyo, akawaambia majirani kwamba mdogo wake ameanza kuzeeka kabla ya wakati.

Mkewe ndiye aliyemshtukia. Asubuhi moja alimwekea maji ya kuoga, akasimama mlangoni na ndoo tupu. "Wewe baba, unahesabu viti usingizini. Unafika kumi na mbili unaanza kulia. Ni viti gani hivyo?"

Akamwambia. Mkewe alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Alipoinuka alisema maneno machache tu: "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na hicho kilio kikija, hakitakuwa cha kwako peke yako."

Hata hivyo, bado alisita. Kilichomaliza kusita ni tangi.

Jumapili iliyopita alimkuta dada yake anachekelea. Alikuwa amenunua tangi la plastiki la lita mia tano, jeusi, jipya, na limesimama kwenye roshani pembeni kabisa kwenye ukingo. Maji katika mtaa ule hutoka Ijumaa tu. Jumamosi mjukuu wake mkubwa anasherehekea kufaulu mtihani, wageni ishirini wamealikwa, na dada hakutaka aibu ya kukosa maji.

Tangi lilikuwa tupu. Ijumaa lingejazwa. Lita mia tano za maji ni kilo mia tano, na Jumamosi wageni wangetoka nje kupunga hewa, kama wageni wote wa dunia hii.

Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti, Koleo alikwenda kwa mhandisi akasema yote, kuanzia kwenye viti vilivyopungua hadi kwenye tangi. Anasema alitegemea kufukuzwa. Mhandisi aliuliza maswali matano, akaandika, kisha akasema, "Kwanza huyo mama asijaze tangi. La pili tunakwenda kwa mwenye nyumba. Wewe ndiye utakayeongea. Mimi nitakuwa pembeni."

Mwenye nyumba ni mzee aliyestaafu ukarani, ambaye kila alichokitunza maishani kimo kwenye ile nyumba. Alimsikiliza Koleo hadi mwisho, akavua miwani.

"Miaka kumi na mitatu imesimama, haijakohoa. Leo wewe unakuja kuniambia nini? Umeota?"

"Mzee, methali ya ufa na ukuta tunaijua wote," mhandisi akaingilia. "Ila roshani ya namna hii haikuoneshi ufa kwanza ukapata muda wa kuuziba. Sasa hivi zege lenyewe ndilo linaloshika, na si kazi yake. Linavumilia, linavumilia. Siku likikataa, halitoi taarifa."

"Na nikikataa mimi?"

Koleo alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba kwamba yeye, fundi nondo, amemwambia mwenye nyumba kuhusu roshani ya ghorofa ya pili upande wa jua. Akamsogezea na kalamu. "Basi, mzee wangu, weka saini hapa na tarehe, kwamba nimekwambia. Mimi nitaondoka."

Mzee akaishika kalamu, akaiweka chini. Kisha akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati, na ndani yake ilikuwemo ramani ya zamani, imekunjwa mara nane, imetafunwa na mende kwenye pembe.

Mhandisi aliitandaza sakafuni na kupiga hesabu upya kwa saa nzima. Nondo za milimita kumi, moja kila sentimita kumi na tano, zimechorwa juu, sentimita tatu tu kutoka uso wa zege. Roshani inachomoza mita moja na robo na kidogo. Kila kitu kilikuwa sawa. Aliyepiga mahesabu hakukosea, wala aliyechora hakukosea.

"Nilitamani wawe wamekosea," Koleo anakiri. "Mungu anisamehe, nilitamani."

Saa tisa na dakika kumi alasiri. Zege la asubuhi limeshalala, limefunikwa magunia mabichi, na Koleo amefika kwenye nyumba ya dada yake na gari dogo lililobeba nguzo za chuma. Mhandisi amekuja na begi lenye kifaa cha kutafutia nondo. Mwenye nyumba amevaa koti lake la ofisini, sijui kwa nini.

Dada ameambiwa kwamba ni ukaguzi tu, na asubiri kujaza tangi. Amewapikia chai watu wote.

Mhandisi anaanza na nguzo. Hataki nguzo zisimame juu ya roshani ya ghorofa ya kwanza na kuishia hapo, ili mzigo wa huku usije ukawa msiba wa kule. Anataka nguzo juu ya nguzo, zifuatane hadi ardhini. Vibarua wawili wanaanza chini kabisa, wanasimamisha ya kwanza, wanakaza skrubu. Nguzo za juu bado hazijawekwa.

Wakati huohuo mawingu yanajikusanya. Dada anaona nguo za wateja zimeanikwa nje, anaweka kikombe chini na kutoka zake kwenye roshani.

"Dada, rudi ndani."

"Naanua nguo, mara moja."

"Dada, toka hapo."

"Wewe nawe na upepo wako! Mvua hii itaninyeshea gauni la watu?" Anacheka, anazidi kusogea kwenye ukingo, na mkono wake mmoja ameuegemeza kwenye tangi.

"Dada, toka! Toka hapo, hiyo roshani ni mbovu, niliiharibu mimi!"

Sauti inapasuka katikati. Vibarua walio chini wanainua vichwa. Dada anasimama na gauni mkononi, cheko bado limebaki usoni kama limesahauliwa. Halafu anaanza kurudi, hatua kwa hatua, mpaka miguu yake yote miwili iko sebuleni.

Anakaa kwenye kochi. "Sema," anasema.

Koleo anapiga magoti mbele yake, vilevile anavyopiga magoti kwenye nondo, na anasema. Viti, buti, zege, honi ya gari. Sifongo. Miezi minane. Hasemi kwamba alikuwa kijana, wala hasemi msimamizi alikuwa msibani. Mengine yote anayasema.

Dada anasikiliza akikunja lile gauni. Analikunja, analikunjua, analikunja tena.

"Hiyo ya miaka kumi na mitatu, nakusamehe. Ulikuwa hujui," anasema hatimaye. "Hii ya miezi minane nifanye nini nayo? Ulikuwa unakuja hapa, unakula chakula changu, unaniita ndani kama mbuzi. Wajukuu zangu wanacheza pale nje. Nilikubeba mgongoni, wewe. Mdomo wako ulikuwa na nini?"

Machozi yanamtoka Koleo na hayafuti.

Nguzo zinakamilika saa kumi kasoro dakika chache. Mhandisi anajaribu kila moja kwa kiganja, kisha anatoka peke yake kwenye roshani, anapiga magoti na kukisogeza kifaa chake sakafuni polepole, mfano wa mtu anayepiga nguo pasi. Kifaa kinalia kila kinapopita juu ya nondo na kuandika namba kwenye kioo.

"Sita," anasema. "Toa sentimita tatu za sakafu laini ya juu. Tatu. Iko mahali pake."

Mwenye nyumba anashusha pumzi.

"Sita. Tatu tena. Sita na nusu." Mhandisi anasogea. "Sita."

Nondo tisa za kwanza ziko sawa. Mzee anamgeukia Koleo, uso umemng'aa, anataka kusema kitu. Koleo anatikisa kichwa. Macho yake yako kwenye sakafu, mbele kidogo ya mkono wa mhandisi.

"Kuanzia usawa wa bawaba ya mlango kwenda kushoto," anasema kwa sauti ya chini. "Hapo ndipo viti viliishia."

Kifaa kinapita bawaba. Kinalia.

"Kumi na mbili," anasema mhandisi. Anarudia kupima. "Kumi na mbili na nusu. Toa tatu. Tisa na nusu."

Slabu yote ina unene wa sentimita kumi na tano. Nondo iliyotakiwa kuwa juu iko chini ya katikati. Inayofuata iko hivyohivyo, na inayofuata, na inayofuata. Kati ya nondo ishirini, kumi na moja zimezama.

Mhandisi anarudi ndani na kukaa kwenye kiti cha cherehani. Anapiga hesabu kwenye daftari. Upande ule, anaeleza, nguvu imebaki chini ya nusu. Roshani inajibeba yenyewe, inambeba na mama na cherehani yake, ndiyo maana imefika leo. Tangi likijaa pale lilipo, na watu watano sita wakiegemea ukingo, mahesabu yanakataa.

"Yanakataa vipi?" Dada anauliza.

"Ingeanguka, mama. Huenda Ijumaa, huenda Jumamosi."

Mzee mwenye nyumba anafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: anakwenda kwa Koleo, ambaye bado yuko sakafuni, anamshika kiwiko na kumwinua. "Nilikwambia umeota," anasema. "Ningeuweka wapi uso wangu?"

Roshani inafungwa siku hiyohiyo kwa ubao na misumari. Itavunjwa. Mhandisi anasema watavunja na sakafu ya sebule karibu mita mbili kwenda ndani, kwa sababu nondo ya roshani haiishii mlangoni. Lazima iingie ndani ikashikwe. Roshani nyingine tano zitapimwa kuanzia kesho asubuhi, na mpaka zipimwe hakuna mpangaji atakayetoka nje. Mwenye nyumba atatoa vifaa. Koleo atasuka bila ujira, Jumapili na siku za mvua. Dada na wajukuu watahamia kwake kwa muda, vyumba viwili, watu saba. Mkewe ameshasafisha chumba kimoja tangu Jumanne, kabla ya kuombwa. Sherehe ya mjukuu itafanyika huko huko kwa Koleo, uani.

Msimamizi wa lile jengo jipya ameshapata habari. Aliposikia Koleo aliwahi kuzamisha nondo, alitaka kumwondoa. Mhandisi alimjibu kwamba anayemtaka juu ya slabu yake ni huyohuyo, maana ndiye peke yake pale anayeogopa. Suala hilo bado halijakwisha, na Koleo hana uhakika kama wiki ijayo atakuwa na kazi.

Saa kumi na moja, vibarua wanashusha lile tangi tupu kwa ngazi, likigonga kuta. Dada anawatazama. Hajamsemesha mdogo wake tangu kifaa kilipolia.

"Vilipungua vingapi?" anauliza ghafla.

"Nini, dada?"

"Hivyo viti vyako. Siku ile."

"Kumi na viwili."

Koleo anafungua mfuko wake wa kazi na kutoa viti kumi na viwili vilivyofungwa pamoja kwa waya. Alivikunja Jumatatu jioni, baada ya kusema, na tangu siku hiyo anatembea navyo. Anavifungua, anampa kimoja. Dada anakipima kwenye kiganja. Hakifiki uzito wa mkasi wake.

"Hiki tu?"

"Hiki tu, dada."

Dada anakigeuza, anakisimamisha juu ya meza ya cherehani, anakikandamiza kwa kidole. Kinasimama imara kwa miguu yake minne. Macho yake yanajaa maji, na hasira bado imo ndani yake, haijaenda popote.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," anasema. "Utaijenga upya. Lakini mimi sitakaa tena mahali kwa sababu umepiga ukuta kofi. Siku ya kumwaga zege nitakuwepo, na hilo gari lenu na honi yake litanisubiri mimi."

Anakichukua kile kiti, anafungua droo ya cherehani, anakiweka ndani pamoja na sindano na vifungo, na kuifunga kwa ufunguo. Ufunguo anautia kifuani.

"Siku hiyo utakuja kuniomba."

Anachotamani Koleo, akiulizwa, ni kusikia tena cherehani hiyo ikilia nje, upande wa jua. Mhandisi anakadiria kuvunja na kusuka vitachukua wiki tatu mvua ikiruhusu, kisha zege limwagwe. Kila kitu kimeshaandikwa: nondo ishirini za milimita kumi, waya kilo tatu, mbao, nguzo, na viti kumi na viwili kwa ule upande wa kushoto.

Kwa sasa fundi anavyo kumi na kimoja.